Upepo kwanza, taka baadaye: namna ya kuwapeleka watoto ziwani kujifunza tanga

Mara ya kwanza nilipowapeleka watoto ziwani nilianzia mwisho. Ilikuwa Entebbe, Uganda, kwenye Ziwa Victoria, mwaka 2014, watoto 31, na kitu cha kwanza nilichowapa asubuhi ile kilikuwa glavu na magunia. Tuliokota chupa, kavera (mifuko ya plastiki), vipande vya nyavu, kandambili zisizo na mwenzake. Ilipofika saa nne jua lilikuwa limekaza, mtoto mmoja amechomwa na ndoana iliyofukiwa mchangani, na waliobaki wamekaa chini ya mwembe wakiuliza chakula kitaiva saa ngapi. Zamu ya kupanda chombo ilipofika, nusu yao hawakuinuka. Walirudi kwao wakijua ziwa ni mahali pa kufanyishwa kazi.

Mimi ni mzaliwa wa Vanga, pale Kenya na Tanzania zinapokutana, na baba yangu alikuwa na ngalawa. Hakunipa ufagio ili niipende bahari. Nilipokuwa na miaka saba alinipa usukani nishike, akaenda kukaa mbele, omo, akanipa mgongo. Tangu siku ile maji yale yakawa yangu. Miaka mingi baadaye nilipomkuta kasa amekufa ufuoni, mfuko wa plastiki umemtoka nusu mdomoni, niliumia kama mtu aliyeingiliwa nyumbani kwake.

Basi nimebadilisha mpangilio: upepo kwanza, taka baadaye. Nayaandika haya kwa mwalimu, mzazi, ustadhi wa madrasa, kiongozi wa skauti, yeyote mwenye kikundi cha watoto karibu na ziwa hili la Nyanza, yaani Victoria.

Idadi ya watoto na mahali pa kwenda

Chukua watoto 12, wa miaka 9 hadi 13. Nimejaribu 20, na nilichopata ni watoto wanane wanaongoja huku wakirushiana mchanga. Kumi na wawili wanagawanyika makundi matatu ya wanne, na kila mmoja anashika usukani angalau mara mbili kwa siku. Kwa idadi hiyo nataka watu wazima wanne wa kuangalia watoto tu, wawili wanaojua tanga kweli, na nahodha wa boti ya injini inayokaa karibu muda wote chombo chochote cha mtoto kikiwa majini. Mafuta ya boti hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Pesa zikipungua punguza chakula, punguza fulana, usipunguze boti hiyo.

Tafuta ghuba iliyokingwa, si ufuo unaotazama ziwa wazi. Kaazi, upande wa Busabala kusini mwa Kampala, kuna klabu ya matanga ya Victoria Nyanza na kambi ya kitaifa ya skauti, kwa hiyo kivuli na vyoo si tatizo. Vyombo vinavyofaa watoto ni vile vidogo viitwavyo Optimist, alivyobuni Mmarekani Clark Mills huko Florida mwaka 1947 kwa ajili ya watoto hasa: urefu mita 2.36, uzito wa kilo 35, tanga moja tu. Watu wazima wawili wanakibeba bila jasho. Kama huna klabu ya kukuazima, usichukue mtumbwi wa wavuvi ukauchomekea mti na turubai. Mitumbwi yetu mingi ya huku siku hizi imetengenezwa kwa ajili ya injini. Ukiitia tanga bila ubao wa kuzuia isiteleze kando, itakwenda inakotaka yenyewe. Afadhali uende na chombo kimoja cha tanga kilicho sawa, watoto wapokezane.

Wiki moja kabla, pita kwa mwenyekiti wa mwalo, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, na kwa polisi wa majini, uwaambie siku, saa na idadi. Barua ya wazazi iwe fupi, lakini iulize mambo matatu bila aibu: mtoto ana pumu au kifafa, anaweza kuogelea, na ameugua nini mwezi huu. Asiyejua kuogelea nampokea. Watoto wengi wa Kitooro na Nakiwogo, mitaa ya Entebbe, wamezaliwa hatua chache kutoka majini na hawajawahi kuingia zaidi ya magoti, kwa sababu nyumbani ziwa hutajwa tu mtu anapokufa. Hao ndio nawataka zaidi.

Siku na saa

Mimi huchagua Januari, shule zikiwa bado zimefungwa na mvua haijarudi. Machi hadi Mei naiacha kabisa.

Saa ya kuingia majini ina maana kuliko tarehe. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, kwa hiyo asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Ni upepo mtamu, laini, na kwa mtoto ndio mbaya kuliko wote, maana unamsukuma kwenda mbali na wewe. Jua likipanda, ardhi inapata joto kabla ya maji, na kunakuwa na kipindi cha shwari. Kisha, kwenye saa sita hivi, upepo unageuka na kuanza kutoka ziwani. Huo ndio wetu. Mtoto akishindwa, akiacha kila kitu, upepo wenyewe unamrudisha kwenye mchanga.

Tena ngurumo za ziwa hili hujikusanya juu ya maji usiku, na nyingi hutufikia Entebbe alfajiri au asubuhi. Ndiyo maana asubuhi yetu yote ni ya nchi kavu. Mchana nako usilale: weka mtu mzima mmoja asiyefanya lolote ila kutazama kusini. Akisikia ngurumo, hata ya mbali, vyombo vyote vinatoka, na hakuna anayerudi majini mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Watoto watalia. Waache walie.

Jaketi okozi

Novemba 2018 chombo cha starehe kilizama si mbali na ufuo wa Mutima, Mukono, na watu zaidi ya 30 walikufa. Kila mzazi wa huku anaikumbuka jioni ile, na utakapomwomba mtoto wake ndiyo picha itakayomjia. Kwa hiyo mimi huwaalika wazazi kuja kuona majaketi siku ya kukutana, wayashike kwa mikono yao.

Jaketi hupimwa kwa uzito wa mtoto, si kwa umri. Mvishe, funga mikanda yote, ukiwemo ule unaopita katikati ya miguu, kisha shika mabega ya jaketi uvute juu. Likipanda hadi masikioni ni kubwa, mtafutie jingine. Baada ya hapo kila mtoto anaingia kwenye maji ya kifuani, mtu mzima pembeni, analala chali na kuelea huku tukihesabu hadi 60. Kwa asiyejua kuogelea dakika hiyo ndiyo mlango. Nimemwona msichana wa P5 (darasa la tano) aliyekuwa ameng'ang'ania shingo ya mwalimu, ilipofika 40 akaachia mkono mmoja, 50 akaachia wa pili, na tulipomaliza kuhesabu akasema tuanze tena.

Asubuhi ya nchi kavu

Hapa ndipo pa kutumia muda. Anza na leso, yaani kanga. Watoto wawili washike pembe za juu, wawili pembe za chini, waitege kwenye upepo. Waulize wanasikia nini mikononi. Halafu wageuke kidogo kidogo mpaka leso ianze kupigapiga, iishiwe nguvu. Hapo umeshawafundisha nusu ya kazi ya tanga, na hujatamka neno gumu hata moja. Kwa Kiganda upepo na baridi ni neno moja, empewo, kwa hiyo nawaambia waitafute empewo kwa masikio: geuza uso taratibu mpaka usikie mvumo sawasawa masikio yote mawili. Pua yako sasa inaelekea upepo unakotoka.

Kisha beseni la maji na kipande cha ubao. Ukisukuma ubao kwa ncha, unapita kama kisu. Ukiusukuma kwa ubapa, maji yanagoma. Ndiyo kazi ya ule ubao wa katikati wa chombo: upepo unataka kukusukuma kando, ubao unakataa, na kilichobaki ni kwenda mbele. Mtoto akiugusa ugomvi huo kwa mkono wake hausahau.

Halafu chora mshale mkubwa mchangani, ndio upepo. Weka ndoo mwanzoni mwa mshale, ndiyo bandari. Waambie waifikie, lakini ni haramu kutembea kinyume na mshale moja kwa moja. Watatazamana. Mmoja atajaribu kukata pembe, kushoto kidogo, kisha kulia kidogo, na wenzake watamfuata. Mabaharia wa pwani wanasema kubisha, na jina linafaa, maana ni kubishana na upepo bila kugombana nao. Mimi hufundisha maneno ya pwani yote: omo mbele, tezi nyuma, kana ule mti wa kushikia usukani, goshini upande upepo unakotoka, demani upande unakokwenda. Na demani pia ni ile kamba ya kukaza na kulegeza tanga. Watoto wa Kiganda, Kinubi, Kiacholi, wote huyapiga kelele kwa furaha, na majini neno moja fupi lina thamani kuliko sentensi.

Kana inawachanganya: ukiipeleka kulia, omo inakwenda kushoto. Usieleze sana. Weka chombo mchangani, mtoto akae ndani, mwenzake asimame mbele akiwa ndiye omo, atembee kinyume cha kana inavyokwenda. Dakika kumi zinatosha.

Kuna sheria moja ambayo narudia mpaka wanaichoka: ukiogopa, achia demani. Tanga litapigapiga, chombo kitapunguza mwendo na kusimama, na utakuwa na muda wa kufikiri. Mtoto mwenye hofu hukaza ngumi, ni maumbile, na akikaza ngumi akiwa na demani mkononi chombo kinalala. Kwa hiyo tunafanya mazoezi ya kuogopa. Wanakaa mchangani na kamba mikononi, mimi napiga kelele ghafla, wao wanaachia. Napiga kelele tena wakati wa chai, wanaachia vikombe, tunacheka, lakini mkono umeshajua.

Ya pili: chombo kikipinduka, kishike. Usiogelee kwenda ufuoni hata uuone karibu. Hesabianeni kwa sauti. Boti inakuja.

Mafundo mawili yanatosha, fundo lenye umbo la 8 mwishoni mwa kamba ili isichomoke, na la kufungia chombo mtini. Mengine siku nyingine.

Majini

Kundi moja linapanda vyombo vya tanga, la pili linapanda boti ya injini, la tatu linabaki ufuoni na chakula. Badilisha kila dakika 40. Kwenye chombo kidogo weka watoto wawili, na mwalimu wa tanga awe majini kifuani au kwenye chombo cha pembeni, asiwapokonye kana. Kosa la walimu wengi, nami nililifanya, ni kusema sana. Mtoto akielekea kwenye mafunjo mwache aelekee, atazame tanga linavyokufa, ajitoe. Ukisema “geuza!” umemnyang'anya siku yake.

Chakula chetu ni chapati na maharage, kikomando, na maji ya kunywa ya kutosha. Entebbe iko karibu kabisa na mstari wa ikweta na ziwa limekaa mita zaidi ya 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua linachoma hata kukiwa na wingu. Kofia ifungwe kwa uzi.

Sasa ndipo taka

Kundi lililo kwenye boti ya injini linapima maji. Chukua kifuniko cha ndoo ya rangi, kipake nusu nyeupe nusu nyeusi kwa robo robo, kitie uzito chini, kifunge kamba yenye fundo kila nusu mita. Kishushe taratibu mpaka kipotee machoni, hesabu mafundo. Padri Mwitaliano, Angelo Secchi, alianza kupima bahari kwa sahani ya namna hii mwaka 1865, na wanasayansi wanaitumia hadi leo. Pima penye mdomo wa mtaro, pima kando ya mafunjo, pima nje kwenye ghuba. Usiwaambie matokeo yatakuwaje. Watakapoanza kuuliza kwa nini, waeleze kuhusu Kampala: mfereji wa Nakivubo unamwaga uchafu wa jiji kwenye ghuba ya Murchison, na mitambo ya Gaba huchota maji ya kunywa kwenye ghuba hiyohiyo. Katikati yao kulikuwa na kinamasi kipana cha mafunjo kikichuja, na watu wamekilima na kukijenga kidogo kidogo.

Gugu maji litawanasa wenyewe, maana hujizungusha kwenye usukani. Asili yake ni Amerika Kusini, lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 Uganda ilileta fukusi wadogo wanaolila. Mpe kila mtoto jani moja atafute makovu madogo ya meno ya fukusi. Wakiyaona, hulipeleka jani lile nyumbani.

Kwenye mwalo beba fimbo yenye alama mbili: inchi 11 kwa sato, yaani ngege, na inchi 20 kwa sangara, yaani mputa. Chini ya hapo sheria ya Uganda hairuhusu kuvua. Lakini usiwaache watoto wapime samaki wa mvuvi bila ruhusa yake. Mtu huyo anatafuta ugali wa wanawe, na wewe umekuja siku moja tu. Mwombe kwanza mvuvi mmoja mzee awaonyeshe mwenyewe.

Mwisho kabisa, kwa nusu saa tu, magunia. Watu wazima watangulie kuondoa ndoana na vioo. Watoto hawa sasa wameloa, wamechoka, wamekuwa manahodha tangu saa sita, na sijawahi kulazimika kuwasukuma. Huokota kama wanaofagia ua wao.

Mjanja mmoja atauliza: Uganda haina bahari, sisi na kasa wa Vanga wapi na wapi? Chora ramani mchangani. Maji yanatoka ziwani Jinja, yanapita Sudan Kusini, Sudan na Misri, maelfu ya kilomita, mpaka yanaingia Mediterania. Sema ukweli pia: mabwawa ya njiani huzuia chupa nyingi, na nyingi hubaki papa hapa bila kuoza, zikivunjika punje punje. Watafiti waliochunguza samaki wa Mwanza wamekuta plastiki matumboni mwa sangara na sato. Huko pwani kasa humeza mfuko akidhani ni konyeza, yule mnyama laini wa baharini, huku kwetu samaki humeza punje, nasi tunamla samaki.

Wakati huo mimi huwapa kandambili moja iliyookotwa, waizungushe mkono kwa mkono, na kuwasimulia jahazi la Flipflopi. Mafundi wa Lamu walilijenga kwa plastiki iliyookotwa, wakalivika ubavuni vipande vya kandambili vya kila rangi, wakalishusha majini mwaka 2018. Mwaka 2019 lilikwenda kwa tanga hadi Unguja, na mwaka 2021 lililetwa kusafiri kwenye ziwa hili hili letu.

Baada ya kurudi

Suuza matanga, anika kamba, hesabu majaketi. Mrudishe kila mtoto mkononi mwa mzazi, si kwenye kituo cha teksi.

Kuna jambo ambalo waandaaji wengi hulinyamazia wakiogopa wazazi watakataa: kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji tulivu yenye majani kandokando ya ufuo, na hupenya ngozi. Kwa hiyo shusha vyombo penye mchanga unaopigwa na mawimbi, mbali na majani, na mtoto akitoka majini ajifute kwa taulo mara moja. Hiyo hupunguza hatari, haiiondoi. Waambie wazazi mapema, kwa maandishi, kwamba kati ya wiki ya sita na ya nane mtoto apelekwe kupimwa, na akikutwa nacho dawa ipo, prazikwanteli, ambayo hupimwa kwa uzito au urefu wake.

Usiwaachie kukumbuka wenyewe. Mimi huandika namba 1 hadi 12 kwenye karatasi nyuma ya mlango wa jikoni, na wiki ya sita napiga simu, nikifuta namba kila jibu linapokuja. Mwaka huu namba 7 ilibaki peke yake wiki mbili nzima, simu haishikwi. Nikapanda boda hadi Nakiwogo, nikamkuta mama yake anaanika mukene, yaani dagaa, nikakaa nimsaidie mpaka amalize, halafu tukaenda kituo cha afya sote watatu.